Pasi ya Babu na Moshi wa Soko

Kila asubuhi Fundi alianza kazi kwa kuwasha pasi.

Pasi yake ilikuwa ya mkaa, ya chuma, nzito. Aliwahi kununua ya umeme. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, pasi ikatoa cheche na kufa pale pale. Tangu siku hiyo hakutaka hata kusikia habari zake.

Alifungua mfuniko, akajaza mkaa, akachomeka mfuko wa nailoni katikati, akawasha kiberiti. Mfuko ulijikunja, ukayeyuka, ukadondoka matone matone juu ya mkaa. Moshi mweusi ulipanda, ukazunguka chumba, kisha ukatafuta dirisha. Kufumba na kufumbua, mkaa ulikuwa umekolea.

"Nailoni ni mafuta ya taa ya bure," Fundi alipenda kusema.

Wala hakuwa peke yake. Soko lililokuwa mbele ya nyumba yake liliwasha moto hivyo hivyo. Muuza chai aliwasha jiko kwa chupa ya plastiki ya maji iliyokatwa vipande. Mama Nyanya, aliyeuza nyanya, aliwasha kwa mfuko. Na mifuko ilikuwa tele. Ukinunua kitunguu kimoja, unapewa mfuko. Ukinunua kiberiti, unapewa mfuko. Ukikataa, muuzaji anakutazama kama mtu mwenye homa.

Duka la Fundi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ndani mlikuwa na cherehani, meza ya kukatia nguo na kiti cha wateja. Pasi ilikaa sakafuni, ubavuni mwa meza. Chini ya meza palikuwa na nafasi ndogo. Hapo ndipo alipokuwa akikaa mjukuu wake.

Walimwita Kidege kwa sababu hakujua kunyamaza. Kutwa alikuwa chini ya meza, akiokota vitambaa vya mabaki na kuvipanga kwa rangi.

"Babu, nipe chekundu."

"Chekundu kimekwisha, mama."

"Basi kata nguo ya mteja. Kidogo tu. Hataona."

Fundi alicheka mpaka uzi ukamponyoka kwenye sindano.

Sasa chini ya meza palikuwa kimya. Kidege alikuwa ameondoka.

Ilianza kwa kikohozi kidogo. Kikohozi kikawa cha kila siku. Kisha kifua kikaanza kupiga mluzi mtoto anapovuta pumzi. Hospitali walimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Daktari akamwambia mama yake, "Dawa itasaidia. Lakini mtoto huyu mwondoe kwenye moshi."

Mama yake Kidege alikuwa binti pekee wa Fundi, msusi wa nywele. Mumewe alifanya kazi mbali, kwa hiyo yeye na mtoto waliishi kwa Fundi. Alifunga nguo zao, akahamia kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji.

"Ni moshi wa soko, Baba," alisema siku ya kuondoka. Macho yake yalikuwa chini. "Lile shimo la taka."

Shimo lilikuwa nyuma ya soko. Gari la taka la halmashauri lilikuja linapojisikia. Taka zikijaa na kunuka, wachuuzi walizichoma moto. Moshi ulitanda hadi kwenye vitanda vya watu.

Basi Fundi akaichukia halmashauri kwa moyo wake wote. Aliisema mbele ya wateja, akaisema mbele ya cherehani.

Lakini hasira haikumwondolea upweke. Alimtamani mjukuu wake mpaka mwili ukamuuma. Alipokata kitambaa chekundu, mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya meza, ukarudi na kitambaa chake. Jioni alipiga simu.

"Babu, umekula?"

"Nimekula, mama. Wewe je?"

"Nimekula. Babu, leo shangazi yake Mama..." Kisha kikohozi, na simu ikachukuliwa na mama yake.

Aliamua kumshonea gauni. Akachukua futi ya kupimia, akasimama nayo mkononi. Mtoto alikuwa amekua kiasi gani? Mabega yake sasa yanafika wapi? Yeye aliyepima mji mzima, mjukuu wake alimkisia. Alishona gauni hivyo hivyo, akalituma. Binti akampigia simu kumshukuru, akasema limependeza sana. Kwa sauti yake tu Fundi alijua kwamba limebana.

Asubuhi moja jirani yake alikuja na ovaroli iliyochanika goti. Alikuwa amehamia nyumba ya pili muda si mrefu. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kusaga plastiki, na watu walimwita Mama Mashine kwa sababu hata nyumbani aliongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na mashine.

Alimkuta Fundi amechuchumaa, anachomeka mfuko ndani ya pasi.

"Shikamoo, Fundi. Ee, unafanya nini hapo?"

"Marahaba. Nawasha pasi."

"Kwa nailoni?"

"Kwa nini kingine? Kaa, jirani. Itakuwa tayari sasa hivi."

Mama Mashine hakukaa. Alikuwa amefunika pua kwa mkono. "Fundi, uliniambia mjukuu wako aliugua kifua."

"Ndiyo. Shimo la halmashauri lile. Wanaua watoto wetu, nakwambia!"

"Alikuwa akikaa wapi?"

"Hapo. Chini ya meza."

"Na pasi ilikaa wapi?"

Fundi aligeuka. Aliitazama pasi. Aliitazama nafasi ya chini ya meza. Kati ya vitu hivyo viwili hapakuwa hata na urefu wa mkono. Aliweka kiberiti chini.

Mama Mashine alipunguza sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Plastiki haiungui ikaisha hivi hivi. Moshi wake una sumu. Mtu mzima anakohoa kidogo, anasahau. Mtoto mapafu yake bado yanakua, tena anavuta pumzi haraka kuliko sisi. Lile shimo ni baya, sikatai. Lakini hii ilikuwa puani kwake."

"Kila siku," alisema Fundi.

"Hukujua."

"Kila siku, jirani. Asubuhi, na mchana nilipoongeza mkaa."

Alishika tama. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha.

Mama Mashine alichuchumaa karibu naye. "Tupa huo mfuko. Seremala wa pale kona ana maranda tele, yale maganda yanayotoka anaporanda mbao. Omba yale ambayo hayana rangi. Washia hayo, au karatasi kavu. Washa pasi nje, si ndani. Ingiza makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha. Hata hapo acha dirisha na mlango wazi, maana mkaa nao una hewa mbaya usiyoiona. Na mtoto asikae karibu nayo."

"Na hii mifuko nifanye nini? Chupa nazo?"

"Chupa niwekee. Zioshe kidogo tu, uzibanebane. Kiwandani tunazisaga, zinakuwa punje, punje zinatengenezewa vitu vingine. Ndoo yangu ya maji ilikuwa plastiki ya watu. Lakini mifuko hii myembamba ni balaa. Inajizungusha kwenye visu, mashine inasimama, na mimi napigiwa kelele. Dawa yake ni moja tu, kuacha kuipokea."

Siku ile Fundi hakushona. Alimpigia simu binti yake.

"Mwanangu, nikuulize. Ulijua kwamba ni pasi yangu?"

Fundi alisikia mlango ukifungwa upande wa pili wa simu.

"Nilijua, Baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Pasi ile ndiyo iliyonilisha, ikanisomesha. Nisimame mbele yako niseme inamuumiza mtoto? Ulimi ulikuwa mzito, Baba. Ikawa rahisi kusema ni shimo." Alikuwa analia. "Na shimo nalo ni kweli."

"Nimeacha. Leo nimeacha. Mlete."

"Na shimo, Baba?"

Dirishani Fundi aliona moshi ukipanda nyuma ya soko.

Kesho yake alivaa koti lake la harusi za watu, akamchukua Mama Mashine, wakaenda ofisi ya halmashauri. Walipokelewa na afisa afya, mtu mwembamba mwenye jasho, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Afya. Fundi alitegemea kufukuzwa. Alikuwa amejiandaa kabisa kwa ugomvi. Bwana Afya akamwambia, "Mzee, hata mimi shimo lile linaninyima usingizi. Nitakuja niongee nanyi huko huko sokoni."

Akaja kweli. Wachuuzi walikusanyika chini ya banda la soko. Halmashauri ilileta meza ya wageni, na juu ya meza ikapanga chupa ndogo ndogo za maji.

Mama Nyanya, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, alinyoosha mkono. "Bwana Afya, hizo chupa mkishakunywa mtazitupa wapi? Mtaziweka mfukoni mwa koti?"

Banda zima likaangua kicheko. Bwana Afya naye alicheka, akajifuta jasho. "Umenishika, mama. Tutaanzia hapo."

"Basi tuambie na hili," Mama Nyanya aliendelea. "Mlituletea mapipa mawili. La kijani la mabaki ya vyakula, la bluu la plastiki. Tukatenganisha kama wajinga. Gari likaja, likamwaga yote pamoja! Nilisimama nikaona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo pipa la bluu napumzishia miguu."

"Gari ni moja," alisema Bwana Afya.

"Gari moja linatosha," alisema Mama Mashine. Hakuhitaji kipaza sauti. "Tenganisheni siku. Siku hii libebe mabaki ya vyakula, siku nyingine plastiki. Plastiki ikija kwetu kavu na safi, tunaichukua. Ikija na nyanya zilizooza ndani, hatuwezi kuisaga. Inarudi shimoni."

"Na mabaki ya vyakula?" Bwana Afya aliuliza.

"Yanaoza, yanakuwa mbolea. Wenye bustani watayagombea."

Bwana Afya alikubali. Kisha akatoa lake: mifuko ya nailoni ipigwe marufuku kuanzia kesho, na atakayekutwa nayo alipe faini. Hapo kelele zikapanda.

"Kesho? Mteja abebe nyanya kwa meno?"

"Mfuko nimeshaununua, niutupe?"

"Mnakuja na faini kila siku, vikapu hamleti!"

Fundi alisimama. Hakuwa mtu wa mikutano. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka mjukuu wangu arudi nyumbani. Moshi wa pasi yangu ulimuumiza, nao nimeuacha. Moshi wa shimo siwezi kuuacha peke yangu. Tusianze na faini. Tuwape watu muda mifuko waliyonayo iishe, wasinunue mingine. Halmashauri iweke vikapu mlangoni. Mteja asiye na chake aazime, akirudi sokoni akirudishe. Nami nina vitambaa vya mabaki gunia zima. Nitashona mifuko."

Akakaa. Hakukumbuka hata alichosema. Lakini Mama Nyanya alikuwa anamtazama kwa namna nyingine, kwa sababu alimjua Kidege. Alikuwa akimpa nyanya ndogo ndogo za kuchezea.

Bwana Afya aliweka faini kando, na mambo yakaanza, tena yakaanza kwa kuchechemea. Halmashauri iliondoa chupa kwenye mikutano yake, ikaweka majagi na bilauri. Iliweka bomba la maji safi ya kunywa mlangoni mwa soko, watu wakajaza chupa zao za nyumbani badala ya kununua mpya. Vikapu vililetwa. Baadhi havikurudi, na Mama Nyanya alijua vilipokwenda, akavifuata nyumba kwa nyumba. Watu walikosea mapipa. Mmoja alitupa viatu kwenye pipa la vyakula. Lakini gari lilikuja siku ya vyakula likabeba vyakula, likaja siku ya plastiki likabeba plastiki. Watu walipoona hilo, wakaacha kubisha.

Fundi alishona mifuko mpaka mgongo ukamuuma. Kila mfuko aliouza au kuugawa aliuhesabia kama hatua ya Kidege ya kurudi.

Hatimaye alimwambia binti yake, "Shimo halijachomwa muda mrefu sasa. Mlete hata kwa mchana mmoja."

Binti akakubali. Siku ilipofika Fundi alifagia, akapiga deki, akafungua kila dirisha. Alikuwa anapiga deki kwa mara ya pili aliposikia harufu.

Alitoka mbio hadi nyuma ya soko. Shimo lilikuwa linawaka. Mvua kubwa ilikuwa imeharibu barabara, gari la taka halikufika, mapipa yalifurika. Mtu alikuwa amemwaga kila kitu shimoni na kukitia moto kama zamani. Moshi mweusi ulikuwa unatambaa kuelekea nyumba yake.

Alitoa simu. Akampigia binti yake.

"Mko wapi?"

"Njiani, Baba. Kidege anaimba tangu tumetoka!"

"Rudini."

"Baba?"

"Rudini, mwanangu. Msije leo. Kuna moshi."

Kwenye simu alimsikia Kidege akiuliza, "Tumefika?" Kisha akamsikia akilia. Fundi alikata simu, akakaa juu ya tofali pale pale mbele ya shimo, mikono mitupu, akilia kama alivyolia mjukuu wake.

Mama Nyanya alikuja na ndoo ya maji. "Ni mimi niliyewasha, Fundi," alisema. "Nzi walikuwa wananijia mezani. Nikasema mara moja tu, hakuna atakayejua. Sikujua kwamba ni leo."

Fundi hakuwa na nguvu hata za kumkasirikia. Mama Nyanya akamwaga maji, akarudi kuchota mengine, akamwaga tena. Wachuuzi wengine wakaja na ndoo zao bila kuitwa, mpaka moto ukazimika.

Siku hiyo hiyo Mama Nyanya alikwenda halmashauri na tope miguuni. Bwana Afya alisema baadaye kwamba hajawahi kusemwa vile tangu azaliwe. Wakakubaliana. Gari likishindwa kufika, vijana wenye mikokoteni watalipwa na halmashauri kupeleka plastiki kiwandani na mabaki ya vyakula kwenye bustani. Taka zisilale sokoni. Na shimo lifukiwe, ili asiwepo wa kushawishika tena. Taka chache zisizofaa kwa lolote zitapelekwa dampo la halmashauri, nje ya mji.

Udongo ulipoletwa, Mama Nyanya alikuwa wa kwanza kushika koleo.

Fundi hakumpigia binti yake haraka. Aliogopa. Alingoja mvua nyingine kubwa inyeshe. Ikanyesha, gari likakwama, mikokoteni ikaja. Alitoka nje, akavuta pumzi ndefu kwa pua. Palinuka udongo uliolowa na vitunguu, basi. Ndipo akapiga simu.

Walikuja asubuhi. Kidege alikuwa amerefuka, meno mawili ya mbele hayapo. Alipofika mlangoni alisimama, akavuta ukosi wa gauni lake, akafunika pua. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mwili wake ndio uliokumbuka. Fundi aliona, akachuchumaa mbele yake.

"Nusa, mama," alimwambia taratibu. "Nusa kidogo tu. Ukiona vibaya tunatoka."

Kidege alishusha ukosi. Akanusa mara moja, kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini. Akanusa tena. "Babu, duka lako linanuka mbao."

"Ni maranda. Nawashia pasi kule nje."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

Mtoto akaridhika na jibu hilo, akaanza kuongea, na hakunyamaza tena. Alizunguka soko zima akiwa amemshika Mama Nyanya mkono. Alikohoa mara chache, maana kifua chake bado kilihitaji dawa, lakini ule mluzi haukusikika. Mama yake alimsikiliza siku nzima. Kila mtoto alipokimbia, yeye aliacha kuongea, akatega sikio, kisha akaendelea.

Jua likaanza kushuka. Fundi alijua saa ya kuondoka imefika, na hakutaka kuomba wabaki. Alimkunjia Kidege kofia ya kitambaa ya kurudi nayo. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni akitazama mahali palipokuwa na shimo.

"Baba," alisema bila kugeuka. "Kile chumba chetu cha nyuma. Umempangisha mtu?"

"Nani? Mimi?" Fundi aliweka kofia mezani. "Walikuja wapangaji. Niliwaambia kina wenyewe."

"Na kitanda?"

"Kimetandikwa, mwanangu. Kila Ijumaa nabadilisha shuka."

Binti akajifuta macho kwa kiganja. Akavua viatu, akavisogeza kando ya mlango kama alivyofundishwa utotoni. Kidege hakungoja wakubwa wamalize maneno yao. Alikuwa ameshaingia ndani mbio, na kutoka chumba cha nyuma walimsikia akirukaruka kitandani.